Kukagua Mazda RX-8 kabla ya kununua: sikio la fundi, kompyuta, karatasi ya mnada au geji?

Mdogo wangu alikuwa amepata RX-8 mbili, na pesa yake ilitosha moja. Ya kwanza, rangi ya fedha, ilikuwa kwenye yadi moja Kinondoni, imeng'arishwa hadi unajiona ubavuni mwake, na karatasi ya mnada wa Japani imewekwa kwenye bahasha ya plastiki juu ya kiti. Ya pili, nyekundu, ilikuwa Kigamboni kwa mtu aliyeitumia miaka sita. Rangi ya boneti ilikuwa imepauka kwa jua, kioo cha mbele kina ufa, kiti cha dereva kimechanika ubavuni, na mwenyewe si mtu wa maneno mengi. Bei zilipishana kidogo tu. Akaniuliza: "Kaka, nimchukue fundi gani akazione?"

Nilimjibu kwamba kabla ya kuchagua fundi achague kwanza kipimo. Mtu wa huku kwetu ana njia nne za kukagua gari kabla ya kulipa: macho na masikio yake akiwa na fundi wa mtaani, gereji yenye kompyuta na orodha ya ukaguzi, karatasi ya mnada kwa gari lililotoka Japani, na geji ya kupimia mgandamizo, ambao mafundi wengi huuita kompresheni. Kwa Corolla au IST, yoyote kati ya hizo ikifanywa na mtu makini inakupa picha nzuri. Kwa gari la rotari kama RX-8 hazilingani hata kidogo, na nyingi ya hasara ninazozijua zilitokana na mtu kulipia njia tatu zisizogusa injini na kuiacha ile moja inayoigusa.

Injini hii si kama zile tulizozizoea

Injini ya rotari haina pistoni wala valvu. Ndani ya nyumba yenye umbo la duara lililobanwa kiunoni huzunguka rota ya pembe tatu, na katika kila pembe kuna kipande chembamba cha chuma kinachosugua ukuta muda wote injini inapowaka. Hicho ndicho sili ya ncha. RX-8 ina rota mbili, kila moja ikiwa na chemba ya sentimita za ujazo 654, ndiyo maana kwenye kadi husomeka 1,308 au 1,300 na watu wakadhani ni gari la kunywa mafuta kidogo. Wazo lilitoka kwa Mjerumani Felix Wankel. Mazda wakalifanyia kazi, wakaanza kuuza Cosmo Sport mwaka 1967, wakashinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991 kwa 787B, na RX-8 ikatengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012. Kwa hiyo hata iliyo changa kabisa leo ni gari la zaidi ya miaka kumi.

Sili ikichakaa, mgandamizo huvujia chemba ya jirani. Gari bado linawaka asubuhi, bado linakwenda, bado linalia vizuri. Siku linapokataa kabisa, dawa ni kushusha injini na kuifungua yote. Blok ya pistoni ikichakaa huchongwa ukaweka pistoni za saizi ya juu. Nyumba ya rota haichongwi namna hiyo. Ikikwaruzika unatafuta nyingine, na spea hizo huzikuti Kariakoo kwa kuuliza maduka mawili. Mafundi wenye uzoefu wa kuifunga injini hii pia ni wachache. Gharama hiyo inaweza kufikia bei ya gari lenyewe, na ndiyo kipimo ninachotumia kuamua ukaguzi upi una thamani.

Njia ya kwanza: macho, masikio na fundi wa mtaani

Sitaidharau njia hii, maana ndani yake kuna kipimo kimoja cha bure ambacho kinakaribia kutoboa siri yote. Ila kwanza niseme inapopotosha.

Fundi aliyelelewa na injini za pistoni atafungua kifuniko cha oili akute povu jeupe kama maziwa ya mgando, atikise kichwa: "Hii gasketi imekwisha." Kwenye RX-8 shingo ya kujazia oili ni ndefu na hukaa baridi, hivyo unyevu huganda pale juu bila injini kuwa na tatizo. Kisha atachomoa kijiti cha oili, atauliza gari linakula oili kiasi gani, na muuzaji akisema ukweli kwamba analiongezea, fundi atasema ringi zimekufa. Rotari imeundwa kula oili. Kuna pampu inayodunga oili ndani ya nyumba ya rota kwa makusudi, ili sili zisisugue pakavu. RX-8 isiyokula oili kabisa ndiyo ya kuogopa. Mwenye nyekundu alikuwa na daftari dogo la shule kwenye droo ya dashibodi, ameandika kila alipoongeza oili, tarehe na kilomita. Fundi wetu wa kwanza aliliona hilo kama kosa la gari. Mimi niliona gari lenye mlezi.

Fundi huyo huyo ataangalia mshale wa joto akaona uko katikati, akaridhika. Mshale huo umetengenezwa utulie katikati kwa nafasi pana sana. Unapoanza kupanda, joto limeshavuka mahali pa usalama. Na kwenye RX-8 za mwanzo mshale wa presha ya oili hufanya kazi kama swichi tu: presha ipo au haipo. Usiipitishe injini kwa mishale hiyo miwili.

Sasa kipimo cha bure. Fika kabla muuzaji hajaliwasha gari, na weka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi. Waulize waliliwasha lini mara ya mwisho. Liwashe, sikiliza, kisha liendeshe dakika ishirini likolee moto kweli. Zima. Kaa nalo dakika kumi kwenye kivuli, piga stori. Kisha washa tena bila kukanyaga mafuta. Injini yenye afya hudaka ndani ya sekunde moja au mbili. Iliyochoka huwaka vizuri asubuhi, kwa sababu oili ya baridi ni nzito na inasaidia kuziba. Ikishapata moto, oili inakuwa nyepesi, sili zinavuja, na stata inazunguka, inazunguka, inazunguka. Ya fedha ilifanya hivyo. Asubuhi ilidaka kwa mguso mmoja. Baada ya kwenda nayo hadi Mwenge na kurudi, tukaizima, na tulipoiwasha tena nilihesabu sekunde nane kabla haijashika. Kijana wa yadi akasema betri. Ningekuwa peke yangu siku ya kwanza ya kununua gari la aina hii, pengine ningemwamini.

Tena kuna jambo la yadi ambalo nalisema kwa uchungu. Rotari haitaki kuwashwa ikiwa baridi, ikasogezwa mita tatu, ikazimwa. Petroli nyingi ya kuwashia inabaki ndani, inaosha oili kwenye kuta na kulowesha plagi, na kesho yake injini haiwaki. Yadini magari husogezwa hivyo kila siku kupisha mengine. Ukikuta RX-8 yadini imegoma kuwaka, huenda imelowa tu, na huenda imekufa. Macho hayawezi kukutenganishia hayo mawili. Kukanyaga mafuta hadi chini huku ukipiga stata hukata petroli na kusaidia kuikausha, lakini subiri ikauke na ikolee moto ndipo uipime.

Njia ya pili: gereji ya kompyuta

Hapa unalipa ada, gari linanyanyuliwa, mtu anapita na orodha: breki, bushi, bolijointi, matairi, kutu, dalili za kugongwa, halafu wanachomeka kifaa kwenye soketi chini ya dashibodi kusoma makosa. Kwa Nairobi na Mombasa, ukaguzi wa namna hii hupatikana hata kupitia AA Kenya. Ni huduma nzuri kwa inachokigusa. RX-8 ina mikono mingi ya saspensheni, na bolijointi za chini za mbele ni za kuangaliwa kwa makini. Ikilegea moja ukiwa mwendo kasi ni hatari ya maisha.

Kompyuta nayo ina neno la kusema. Kosa P0301 linataja rota ya mbele kwamba inamisi, P0302 rota ya nyuma, na P0420 linalalamikia masega ya egzosi, yaani kile kichujio cha moshi. Mara nyingi chanzo ni koili. RX-8 ina koili nne na plagi nne, mbili kwa kila rota, na koili hizo huchoka mapema kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaozijua huzibadilisha kila baada ya kilomita 50,000 hivi bila kungoja zife. Koili dhaifu haichomi petroli yote. Petroli hiyo inakwenda kuungulia ndani ya masega, masega yanayeyuka na kuziba, moto unakosa pa kutokea, unarudi kwenye injini, na sili zinapikwa. Kitu kidogo kimeua injini nzima. Kwa hiyo makosa hayo yakisomeka, uliza yamekaa muda gani, na usikubali maneno ya "hiyo ni sensa tu".

Lakini kompyuta haioni mgandamizo, na hapa ndipo niliumia mimi mwenyewe miaka ya nyuma. Nililipia ukaguzi kamili kwenye gereji moja yenye sakafu ya vigae na mashine mpya. Wakanipa karatasi ya kurasa tatu, alama za kijani kila mstari, na kwenye mstari wa injini wameandika "nzuri". Miezi minne baadaye gari lilizima kwenye foleni ya Ubungo saa saba mchana na halikuwaka tena. Walichokipima walikipima kwa uaminifu. Hakuna aliyechomoa plagi hata moja.

Kwa magari yetu mawili, ya fedha na nyekundu, njia hii ilitoa hukumu iliyopinduka kabisa. Ya fedha ilipita karibu yote. Nyekundu ilipata alama mbaya: bolijointi moja imelegea, matairi ya nyuma yamekwisha, kioo kina ufa, kihisi cha kiwango cha maji kinawasha taa ovyo. Mtu anayesoma karatasi hizo mbili bila kuijua rotari angetoa pesa Kinondoni saa ileile.

Njia ya tatu: karatasi ya mnada

Karatasi hii ina heshima kubwa kwa wanunuzi wetu, na kwa sehemu inastahili. Mkaguzi wa mnada Japani hana undugu na muuzaji. Anatoa alama ya jumla, kama 3.5, 4 au 4.5, anatia R kwa gari lililogongwa likatengenezwa, anachora ramani ya bodi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa. Kilomita zimeandikwa. Linganisha namba ya chesisi inayoanza na SE3P na ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari, na linganisha kilomita. Hapo umeshajikinga na udanganyifu mwingi.

Ila mkaguzi yule ana magari mengi ya kupitia kwa siku moja. Injini anaiwasha, anaisikiliza, anasonga mbele. Alama 4 kwenye RX-8 inakuambia habari za rangi na viti. Na karatasi ni picha ya siku moja. Ya fedha ilikuwa na karatasi ya miaka mitatu nyuma, na katikati hapo gari lilishatembea na mtu mwingine Dar ambaye hatumjui alililea vipi.

Njia hii inabadilika thamani kulingana na nchi uliyopo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo dirisha la kuleta RX-8 lilifungwa karibu mwaka 2020, na karatasi yoyote utakayoonyeshwa Nairobi leo ni ya zamani. Tanzania gari la zamani linaingia, ila umri unaongeza ushuru. Kama unaagiza mwenyewe, usiishie kwenye karatasi. Mwombe muuzaji wa Japani alipeleke gari kwa wakala wa Mazda kule likapimwe mgandamizo. Wao wana kifaa chenyewe. Akikataa, mtafute mwingine.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana kitu kinachofanana: historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa gari lolote husomwa mtandaoni bure kwa namba ya gari, na kilomita za kila mwaka zinaonekana. Haipimi injini, lakini inaonyesha kama gari liliachwa limekaa, na inataja kutu, ambayo kule kwa chumvi ya barabarani huzila RX-8 kuanzia chini. Kule pia kuna gereji zinazoshughulika na rotari peke yake. Ukiwa huko, sioni sababu ya kwenda kwingine.

Njia ya nne: geji

Kila rota ina nyuso tatu, na kila uso una chemba yake. Rota mbili, namba sita. Namba hizo sita ndizo injini. Kiwango cha Mazda kwa RX-8, stata ikizungusha mizunguko 250 kwa dakika, ni kilo 8.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa injini sahihi, na kilo 6.9 ndiyo mwisho wa chini. Kwa geji ya paundi hiyo ni takriban 121 na 98. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kilo 1.5, na tofauti kati ya rota na rota isizidi kilo 1.0.

Kipo kifaa maalumu cha rotari kinachosoma nyuso zote tatu moja moja, kinarekodi na kasi ya stata, kisha kinageuza hesabu iwe sawa na mizunguko 250. Ukikipata, lipa bila kubisha bei. Wenye nacho huku ni wachache, na fundi wako akikuambia anapima kompresheni ya rotari, muulize swali moja tu: "Utanipa namba ngapi?" Akisema mbili, anatumia geji ya kawaida kwa namna ya kawaida. Geji ya kawaida ina kivalvu kinachoshikilia presha kubwa kuliko zote. Uso mmoja ukiwa mzima na miwili imekufa, mshale utapanda kwa ule mzima na kubaki pale, na utaambiwa rota iko sawa.

Lakini geji hiyohiyo inaweza kutumika vizuri, na ndivyo tulivyofanya. Fundi wetu wa pili, mtu mzima wa Tandika ambaye amewahi kufunga injini hizi, alichomoa kile kivalvu kidogo kwenye mdomo wa bomba la geji akakiweka mfukoni. Injini ilikuwa ya moto. Akachomoa fyuzi ya pampu ya petroli, akakata umeme wa koili, akachomoa plagi moja ya rota ya mbele, akafunga geji mahali pake. Betri tuliisaidia na nyingine kwa waya. Akaniambia: "Ndugu yangu, kanyaga mafuta mpaka chini, halafu piga stata nikikwambia. Na wewe bwana mdogo, shika simu, rekodi huu mshale, usitikise mkono."

Mshale unaruka: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Ukirudisha video polepole unasoma kila mruko. Kuna faida nyingine ndani ya video hiyo. Kwa kila mzunguko mmoja wa shafti, uso mmoja hupita kwenye tundu la plagi na kutoa pumzi moja. Hesabu pumzi za sekunde kumi, zidisha kwa sita, umepata kasi ya stata. Pumzi 42 ni takriban 250 kwa dakika. Bila namba hiyo, muuzaji atakwambia presha ni ndogo kwa sababu stata ni nzito, na mnunuzi hana la kujibu.

Ya fedha: rota ya mbele kilo 6.4, 6.2, 4.6. Rota ya nyuma 6.8, 6.6, 6.9. Pumzi 40 kwa sekunde kumi, yaani 240 kwa dakika. Hata ukiisamehe kwa upungufu ule wa kasi, ule uso wa 4.6 hausameheki. Hata bila geji, plagi ikiwa nje, sikio lilikuwa limeshasikia: puh, puh, pff. Puh, puh, pff. Mdogo wangu alinitazama akiwa bado ameshika simu, na nikaona ameelewa kabla namba hazijaandikwa.

Nyekundu: mbele 7.6, 7.5, 7.7, nyuma 7.3, 7.4, 7.2. Pumzi 43. Si injini mpya, lakini nyuso zote sita zinalingana kama vidole vya mkono uliokunjwa. Kwa geji isiyo maalumu naamini ulingano huo kuliko namba yenyewe, kwa sababu geji inaweza kudanganya kilo nusu juu au chini lakini itadanganya nyuso zote kwa usawa.

Mambo matatu yanaharibu kipimo hiki. La kwanza ni injini iliyolowa petroli, ambayo itasoma chini hata kama sili ni nzima. La pili ni ujanja: oili ikimiminwa kwenye matundu ya plagi huziba kwa muda na namba zinapanda. Ukifika ukakuta plagi zimetoka kufunguliwa asubuhi ile, au gari likatoa moshi mzito wa bluu kwa dakika kadhaa baada ya kuwashwa, ahirisha. Liendeshe kwanza, upime siku nyingine.

La tatu ni mwinuko, na watu wa bara wanalisahau. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Geji inapima hewa iliyobanwa; ikiwa iliyoingia ni kidogo, itakayosomeka ni kidogo. Injini ya kilo 8.5 Mombasa itasoma karibu kilo 7 Nairobi, au Mbeya. Kwa hiyo mtu wa Nairobi akitumia kile kiwango cha 6.9 kama kilivyo, atakataa injini nzima, na muuzaji anayelijua hili atalitumia kutetea injini mbovu. Piga hesabu hivi: ukiwa juu huko, gawanya namba uliyopata kwa 0.8, ndipo ulinganishe. Vifaa vingine maalumu hufanya hesabu hiyo vyenyewe. Uliza kama wameweka mwinuko. Tofauti kati ya uso na uso haitaki maelezo mengi popote ulipo: uso mmoja ukianguka peke yake, sababu si hewa.

Ukiwa na pesa ya njia moja tu

Chukua geji. Ukiwa na mbili, geji kisha gereji ya kunyanyua gari, kwa mpangilio huo, maana hakuna haja ya kulipia bolijointi za gari ambalo hutalinunua. Kipimo cha kuwasha likiwa moto kifanye kabla ya vyote, mwenyewe, bila kumlipa mtu. Kikishindwa, umeokoa hata ada ya geji. Karatasi ya mnada soma ukipewa, iwe nyongeza. Ninayemshauri tofauti kidogo ni yule anayeagiza kutoka Japani, kwa sababu hawezi kukaa na gari dakika kumi kivulini. Kwake kipimo cha wakala wa Mazda kinachukua nafasi ya vyote viwili.

Kama unatafuta RX-7 ya mwisho, ile FD ya turbo mbili, geji peke yake haitoshi. Turbo zile hupokezana kazi kupitia msitu wa mipira myembamba ya vakyumu ambayo hukakamaa kwa joto, na mpira mmoja ukipasuka gari linapoteza nguvu katikati ya mwendo. Hiyo inahitaji mtu anayeijua FD kwa jina, na watu hao ni wachache huku.

Muuzaji atakataa, wengi hukataa. "Gari yangu haifunguliwi plagi na watu nisiowajua." Usigombane naye, ana haki na mali yake. Mwambie utamlipa fundi wewe, plagi zitarudi mbele ya macho yake, na video ya namba ataipata yeye pia, imsaidie kuuza kwa mwingine usipolichukua wewe. Mwenye nyekundu alikubali kwa sharti hilo hilo la video. Yule wa yadi alikubali kwa sababu mdogo wangu alikuja na sehemu ya pesa mkononi, na tulipomwonyesha namba hakubisha. Alisema atashusha bei. Aliishusha kweli. Fundi wa Tandika akatukumbusha kwamba hapo tunanunua bodi, viti na giaboksi, na bei ya kitu hicho ni nyingine kabisa. Tukamshukuru tukaondoka.

Tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni Jumapili. Bolijointi na matairi tuliyapunguza kwenye bei kwa ile karatasi ya gereji, ambayo hapo ilifaa sana. Wiki ya kwanza mdogo wangu alibadilisha koili zote nne na plagi zote nne, akaendeleza lile daftari la oili kwa mwandiko wake chini ya mwandiko wa mwenyewe wa kwanza, na kioo chenye ufa akakiacha hadi mwezi uliofuata.